Farasi, Upanga na Dola Mia: Mabango ya Vita vya Marekani

Tai amekunjua mbawa zake juu ya karatasi ndefu iliyobandikwa ukutani kwa gundi ya unga. Chini ya tai yupo mwanamume juu ya farasi, upanga u mkononi, na miguu ya mbele ya mnyama i hewani. Na chini ya picha hiyo, kwa herufi nene nyeusi ambazo mtu aliye ng'ambo ya barabara huzisoma bila taabu, umepigwa chapa mwito wa kuwataka wapanda farasi, pengine ukarudiwa mara mbili, kila mara na alama yake ya mshangao. Herufi zinazofuata hupungua ukubwa kadiri jicho linavyoteremka: kwanza fedha, kisha jina la kapiteni, kisha mtaa na nambari ya nyumba alimofungua ofisi yake ya kuandikishia, na mwisho kabisa, kwa herufi zisizosomeka ila kwa kuinama, jina la matbaa. Mabango ya namna hii yalienea katika miji ya Marekani ya Kaskazini tangu mwaka 1861 hadi 1865, wakati majimbo ya nchi ile yalipopigana yenyewe kwa yenyewe, majimbo 11 ya Kusini yakitaka kujitenga ili yahifadhi utumwa, na serikali ya Abraham Lincoln ikikataa nchi igawanyike. Nayachukua mabango ya wapanda farasi kuwa maudhui yangu kwa sababu naamini ni nyaraka chache mno za vita vile zinazoonyesha kwa uwazi kama haya kile ambacho kijana wa kawaida alikitamani na kile alichokiogopa; maana bango lilitungwa na watu waliomjua, waliokaa naye mji mmoja, nao walielewa vema wamtie tamaa kwa lipi na wamfiche lipi.

Matbaa zenyewe zilikuwa ni zile zile zilizozoea kutangaza minada, sarakasi na dawa za kila maradhi. Mwaka 1827 Darius Wells wa New York alibuni mashine ya kuchonga herufi za mbao, na kwa kuwa mbao ni nyepesi, rahisi, wala haipasuki kama herufi kubwa za risasi, wapiga chapa wakaweza kupanga maneno ya ukubwa usiopata kuonekana kabla yake. Hivyo vita vilipozuka, ufundi wa kumwita mpita njia kwa sauti ya wino ulikuwa umekwisha kukomaa sokoni kwa zaidi ya miaka 30. Sanamu za tai, bendera na mpanda farasi zilikaa kabatini kuwa akiba ya matbaa, leo zikatumika kwa kikosi hiki na kesho kwa kile. Mjini Philadelphia nyumba ya King & Baird, iliyokuwa katika mtaa wa Sansom, ilipiga chapa mabango mengi hata jina lake likawa maarufu kwa wakusanyaji wa leo, na New York palikuwa na Baker & Godwin. Walipojua kwamba mtaa fulani una Wajerumani wengi, mabango yakatoka kwa Kijerumani. Karatasi yenyewe ilitengenezwa kwa matambara ya pamba na kitani, kwa hiyo pamba ya Kusini ilipokatika, bei ya karatasi nayo ikapanda. Na msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki atapenda kujua kwamba ni uhaba huo huo wa pamba ulioikatiza merikani, ile nguo ya viwanda vya Massachusetts iliyokuwa ikiletwa Unguja na kupelekwa bara kuwa kama sarafu, hata wafanyabiashara wa Uingereza na wa Bombay wakapata nafasi ya kuingiza nguo zao mahali pake.

Jambo la ajabu ni kwamba mwanzoni serikali haikuwataka wapanda farasi. Baada ya ngome ya Sumter kupigwa mizinga na watu wa Kusini tarehe 12 Aprili 1861, Lincoln aliomba askari 75,000 wa miezi mitatu, nao walikuwa wa miguu; na mwezi wa Mei alipoomba vikosi 40 vya kujitolea kwa miaka mitatu, kimoja tu kati ya hivyo 40 kilikuwa cha farasi. Jemadari mkuu, mzee Winfield Scott, aliona kwamba bunduki za kisasa zimekwisha kumtoa mpanda farasi katika maana yake ya kale, tena kwamba ardhi ya Virginia, yenye misitu na nyua nyingi, haifai kwa mashambulizi ya upanga. Fauka ya hayo, gharama ya farasi, matandiko, silaha na malisho ilikuwa kubwa, na kumfundisha mtu kupigana juu ya farasi kulitaka miaka, ilhali watu wengi walidhani vita havitafika Krismasi. Kisha likaja pigano la Bull Run tarehe 21 Julai 1861, ambamo jeshi la Kaskazini lilivunjika likakimbia, na uvumi wa wapanda farasi weusi wa Kusini, maana farasi wao ndio waliosemwa kuwa weusi, ukaongeza hofu ya waliokimbia. Tangu hapo milango ikafunguka, magavana wakapewa ruhusa, na kuta zikajaa.

Ni lazima kueleza jinsi kikosi kilivyoundwa, maana bila ya hilo bango halieleweki. Serikali ya Washington iliomba idadi; gavana wa kila jimbo akagawa idhini; na mtu mwenye jina katika mji wake, wakili, mwenye duka, mwalimu, au mwanasiasa aliyeshindwa uchaguzi, akaambiwa kwamba akiweza kukusanya watu wapatao 100 atakuwa kapiteni wao. Kombania 10 au 12 za namna hiyo zikafanya kikosi, na kanali akateuliwa. Basi yule kapiteni ambaye jina lake limeandikwa kwa herufi kubwa katikati ya bango alikuwa anatafuta cheo chake mwenyewe, naye alishindana na makapiteni wengine watano au sita waliobandika karatasi zao kwenye ukuta ule ule, na kila mmoja alihitaji sababu ya kumfanya kijana apite mlango wa jirani aingie kwake. Huu ulikuwa mnada wa ahadi, na mpanda farasi alikuwa na bidhaa ambayo kapiteni wa askari wa miguu hakuwa nayo.

Bidhaa hiyo ni farasi. Mabango hayakuchoka kulitaja jambo hili: utapanda, hutatembea, hutabeba mzigo mgongoni, farasi, tandiko, bunduki, bastola na upanga vitatolewa na serikali bila ya malipo, nawe utakuwa katika tawi la jeshi lililo bora na lenye heshima kupita yote. Kwa kijana wa shamba aliyekwisha kuwaona askari wa miguu wakipita na mikoba yao ya ratili 40 au 50, nyuso zimejaa vumbi, hoja hii ilitosha. Kwa karani wa mjini aliyesoma habari za mashujaa wa zamani, ilitosha zaidi, kwa sababu tangu enzi za mabwana wa Ulaya mtu aliye juu ya farasi alihesabiwa kuwa bora kuliko aliye chini, na bango lilimwahidi kwamba naye, kwa kutia sahihi tu, atapanda daraja hilo.

Ambalo bango halikusema ni kwamba mtu apewaye farasi hupewa bwana. Farasi wa jeshi alistahili kila siku ratili 14 za majani makavu na ratili 12 za nafaka, na ikiwa gari la malisho halikufika, mpandaji mwenyewe ndiye aliyetoka usiku kutafuta. Alfajiri tarumbeta ilipolia, mnyama alihudumiwa kabla ya mtu kupata kahawa yake: kumwagilia maji, kumlisha, kumsugua kwa brashi mpaka manyoya yang'ae, kuinua kwato moja baada ya moja na kuchokoa mawe na tope, kuangalia mgongo kama tandiko limemchuna. Askari wa miguu alipofika kambini jioni alivua mkoba akaketi; mpanda farasi alipofika, hata kama alikuwa juu ya tandiko kwa maili 40, kazi yake ya pili ndiyo kwanza ilianza. Kidonda cha mgongoni kilichopuuzwa siku tatu kiliweza kumuua farasi, na farasi aliyekufa alimwacha mtu wake akiburura tandiko kwa miguu nyuma ya msafara. Farasi na nyumbu waliokufa katika vita vile hukadiriwa kuwa zaidi ya milioni moja, na wengi wao hawakuuawa kwa risasi, bali kwa njaa, uchovu, maradhi ya kwato na upandaji mbaya wa watu waliotoka madukani, ambao hawakupata kushika hatamu mpaka siku walipoandikishwa. Mwaka 1863 serikali ililazimika kuunda idara maalumu ya wapanda farasi, na kujenga kituo kikubwa huko Giesboro, kando ya mto Potomac, kiwezacho kuweka maelfu kwa maelfu ya farasi wapya na wagonjwa. Nasikitika kila nisomapo habari hizi, maana mnyama yule hakutia sahihi popote.

Tena picha ya upanga ilikuwa ya kupotosha. Kadiri vita vilivyoendelea, na hasa bunduki fupi ya Spencer ilipofika, iliyoweza kufyatua risasi saba kabla ya kujazwa tena, wapanda farasi wa Kaskazini walizoea kwenda vitani kwa farasi na kupigana kwa miguu: wanateremka, watatu wanasonga mbele na bunduki, na wa nne anabaki nyuma ameshika lijamu nne huku wanyama wanaruka kwa kishindo cha mizinga. Mapigano ya panga yalikuwako, na makubwa. Huko Brandy Station, Virginia, tarehe 9 Juni 1863, watu wapatao 20,000 walikabiliana kutwa nzima, na ndipo wapanda farasi wa Kaskazini walipoonyesha kwa mara ya kwanza kwamba wanaweza kusimama mbele ya wale wa Kusini. Lakini hapo miaka miwili ilikuwa imekwisha kupita tangu kutoka mabango ya kwanza, miaka ya kuanguka, kupotea na kuchekwa na askari wa miguu, ambao walipenda kuulizana ni nani aliyepata kuona maiti ya mpanda farasi.

Yako madhara makubwa kuliko kuchekwa yaliyoweza kutokana na bango lililoahidi kupita kiasi, na mfano ulio wazi kuliko yote ni kikosi cha 15 cha wapanda farasi wa Pennsylvania. Mwaka 1861 kijana mmoja wa reli, William J. Palmer, alikusanya kombania ya vijana wateule kuwa walinzi wa Jemadari Robert Anderson, yule aliyeilinda ngome ya Sumter. Kombania ikapata sifa, na katika kiangazi cha 1862 Palmer akaruhusiwa kuikuza mpaka ikawa kikosi kamili. Vijana wa nyumba njema wa Pennsylvania wakaja kwa mamia, wengi wao wakiwa wameelewa kwamba wanaitwa kwa huduma maalumu ya makao makuu, kupeleka barua za majemadari na kuwalinda, si kuwa wapanda farasi wa kawaida wa kutupwa mstari wa mbele. Kabla hawajapangwa sawasawa, Palmer alitekwa nyuma ya majeshi ya adui alikokwenda kupeleleza baada ya pigano la Antietam, akafungwa Richmond, na kikosi kikapelekwa Tennessee kikiwa na upungufu wa maofisa. Desemba 1862, huko Nashville, amri ilitoka ya kwenda kwenye pigano la Stones River. Wengi walikataa. Walisema hawakuandikishwa kwa kazi hiyo, na kwamba mapatano yamevunjwa. Watu kama 300 tu ndio waliopanda wakaenda, na tarehe 29 Desemba mameja wao wawili, Rosengarten na Ward, walipigwa risasi katika shambulio moja. Waliobaki Nashville walitiwa kifungoni, na viongozi wao wakahukumiwa na mahakama ya kijeshi. Palmer alipofunguliwa mwanzoni mwa 1863, alirudi akakiunda kikosi upya, kikawa miongoni mwa vikosi vilivyoheshimiwa sana upande ule; naye baada ya vita akajenga reli za magharibi na kuasisi mji wa Colorado Springs. Wako wanaowaita wale waliokataa kuwa ni waoga. Mimi siwezi kuafiki kwa wepesi huo: kijana wa miaka 19 aliyetia sahihi kwa kuamini ahadi ana haki ya kuikumbusha serikali ahadi yake, hata kama adui hangoji mashtaka yasikilizwe, na hata kama wenzake walioenda walilipa kwa damu deni ambalo si wao walioliandika.

Tangu mwaka 1862 sura ya mabango inageuka, na atazamaye mfululizo wake kwa mpango wa tarehe huona mageuzi hayo upesi. Maneno ya nchi, bendera na heshima yanapungua ukubwa, tarakimu zinakua. Mwanzoni serikali iliahidi kila askari bakhshishi ya dola 100, ilipwe mwisho wa utumishi wake. Katika 1862 dola 25 za hizo zikaruhusiwa kutangulizwa. Na miji na wilaya, zikiogopa kutotimiza idadi zao, zikaongeza za kwao juu yake. Tarehe 3 Machi 1863 Bunge lilipitisha sheria ya kuandikishwa kwa lazima, wanaume wa miaka 20 hadi 45, kwa kura. Aliyepata mtu wa kwenda badala yake, au aliyelipa dola 300, alisamehewa. Dola 300 zilikaribia ujira wa mwaka mzima wa kibarua, na huzuni na hasira za maskini zililipuka New York katika Julai ya mwaka ule kwa fujo za siku nne, ambamo watu zaidi ya 100 waliuawa, na wenye kubeba adhabu ya hasira hizo wakawa ni watu weusi wasiokuwa na hatia, hata nyumba ya mayatima weusi ikatiwa moto. Basi mabango yakapata hoja mpya: njoo sasa kwa hiari upate fedha, kabla hujachukuliwa kwa kura usipate. Baadaye mwaka ule serikali ilitoa dola 300 kwa askari mpya na dola 402 kwa aliyekwisha kutumikia. Madalali wakaingia kati kula sehemu yao, na likazuka kundi la watu waliopokea fedha, wakatoroka usiku, wakajiandikisha mji mwingine kwa jina jingine. Sina haja ya kuyaeleza zaidi. Ni habari ya aibu, nayo inajulikana.

Kusini mambo yalikuwa tofauti, maana huko mpanda farasi alikuja na farasi wake mwenyewe. Serikali ya waasi ilimlipa senti 40 kwa siku kwa kumtumia mnyama, ikamlipa thamani yake akiuawa vitani. Lakini akifa kwa ugonjwa au uchovu, hasara ilikuwa ya mwenyewe, na asiyeweza kupata mwingine alihamishwa kwa askari wa miguu. Ndiyo sababu vijana wa Kusini, waliolelewa juu ya farasi, walitangulia kwa umahiri, na ndiyo sababu pia walidhoofika kadiri farasi walivyokwisha. Huko karatasi ilikuwa adimu, na aghalabu mwito ulitiwa gazetini. Mwaka 1862 Nathan Bedford Forrest, aliyekuwa amepata utajiri kwa kuuza watumwa mjini Memphis, alitangaza gazetini kwamba anataka watu wa kazi tu, nao waje ikiwa wanataka furaha tele na kuwaua watu wa Kaskazini. Sifa yake ya ujanja wa vita ni kubwa, na wanafunzi wa kijeshi humsoma hata sasa. Walakini haifai kulitaja tangazo lile bila kutaja ngome ya Pillow, ambako tarehe 12 Aprili 1864 watu wake waliwachinja askari weusi waliokuwa wakijisalimisha. Waliokuja kwa ajili ya furaha ya kuua waliipata.

Kuna bango moja ambalo maneno yake hayakuzidi ukweli. Lilitoka Philadelphia mwaka 1863, likiwaita wanaume weusi kushika silaha, na chini yake yalitiwa majina zaidi ya 50, la Frederick Douglass miongoni mwao, mtu aliyezaliwa mtumwa Maryland, akatoroka, akawa msemaji mkuu wa watu wake. Bango hilo lilikuwa kubwa mno, nalo halikutaja raha ya kupanda wala wepesi wa mzigo. Lilisema kwamba wakati ni sasa au hapana tena, likawakumbusha watu Port Hudson na Milliken's Bend, mahali ambapo askari weusi walikuwa wamekwisha kufa kwa ushujaa mbele ya waliodai kwamba hawawezi kupigana. Waliolitunga walijua kwamba askari mweusi analipwa dola 10 kwa mwezi, na tatu zikikatwa kwa nguo, ilhali mweupe analipwa 13. Walijua pia kwamba akitekwa anaweza kuuzwa au kuuawa. Hata hivyo watu walikuja, na mpaka vita vinakwisha walikuwa wapatao 180,000.

Baadhi yao walikuwa wapanda farasi. Kikosi cha 5 cha Massachusetts kiliundwa mwanzoni mwa 1864 katika kambi ya Readville karibu na Boston, na mtoto wa Douglass, Charles, alikuwa sajini ndani yake. Waliandikishwa kwa farasi; walipofika Washington mwezi wa Mei walipewa bunduki za askari wa miguu, wakafundishwa upesi mazoezi wasiyoyajua, na tarehe 15 Juni wakatupwa kwa miguu katika pigano la Baylor's Farm karibu na Petersburg, ambapo kanali wao, Henry Russell, alijeruhiwa. Baada ya hapo waliwekwa kulinda wafungwa huko Point Lookout, ufukweni mwa Maryland, mpaka Charles Francis Adams, mjukuu wa rais mmoja na kitukuu cha mwingine, alipowasimamia akawahangaikia hata wakapata farasi. Tarehe 3 Aprili 1865, mji wa Richmond, makao makuu ya waasi, ulipoanguka, wapanda farasi hao weusi walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuingia, wakipita katikati ya moshi na watu waliokuwa watumwa mpaka jana yake, waliojaa pande zote mbili za njia wakilia na kushangilia. Natamani ningekuwapo asubuhi ile. Kisha kikosi kikapelekwa Texas, na huko kikavunjwa katika Oktoba ya mwaka ule.

Tarehe 28 Julai 1866 Bunge la Marekani liliidhinisha vikosi viwili vya kudumu vya wapanda farasi weusi, cha 9 na cha 10. Cha 10 alipewa Benjamin Grierson, aliyekuwa mwalimu wa muziki, tena mwenye kuwachukia farasi tangu mmoja alipompiga teke usoni utotoni, naye ndiye aliyeongoza mwaka 1863 msafara wa watu 1,700 kukata nchi ya Mississippi kwa siku 16, maili zipatazo 600, akavunja reli nyuma ya adui. Na cha 9 akapewa Edward Hatch, aliyekuwa pamoja naye mwanzo wa safari hiyo. Waandikishaji walikwenda New Orleans na Fort Leavenworth. Masharti yalikuwa miaka mitano, chakula, nguo, na dola 13 kwa mwezi, sawasawa na askari mweupe. Na farasi walitolewa.